Mshindani Aliyeacha Nafasi Yake



Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wetu wa Kiswahili ili niseme neno langu juu ya jambo lililoleta ubishi mkubwa shuleni kwetu muhula huu. Wale waliokuwapo siku ile ya majadiliano wataikumbuka hoja yenyewe: "Mshindani wa kweli hamwachii mwenzake nafasi." Walioiunga mkono walishinda kwa kura nyingi. Makofi yakapigwa, madawati yakagongwa, na msemaji wao akabebwa mabegani mpaka nje. Mimi siku ile sikusema neno. Si kwamba sikuwa na la kusema, bali aibu ilinifunga mdomo, na sababu ya aibu hiyo nitaieleza mbele kidogo. Leo nimeona afadhali niandike, maana karatasi haizomewi kabla ya kumaliza kusema.

Msemaji yule alisema maneno matatu ambayo watu wengi waliyapenda. Kwanza, alisema kuwa mashindano si sadaka. Anayetaka kutoa sadaka aende kanisani au msikitini. Pili, alisema kuwa mtu mwenye huruma uwanjani hawezi kushinda hata siku moja. Tatu, alisema kuwa taifa au shule humpeleka aliye hodari, wala haimpeleki anayeonewa huruma. Maneno hayo yana ladha tamu masikioni. Lakini nchi yetu ya Burundi inayo historia moja inayoyapinga yote matatu, nami nashangaa kuwa katika chumba kizima hakuna aliyeitaja. Nataka kuisimulia hapa, kisha kila mmoja aamue mwenyewe.

Yupo mtu aitwaye Vénuste Niyongabo. Alizaliwa tarehe 9 Desemba 1973 huko Vugizo, kusini mwa nchi yetu. Kazi yake ilikuwa kukimbia. Nasema kazi, wala si mchezo, kwa sababu alikimbia kama vile fundi anavyofanya ufundi wake: alikaa Ulaya, nchini Italia, akajizoeza kila siku, akaingia katika mashindano makubwa ya kila mwaka pamoja na watu walio wepesi kuliko wote duniani. Mbio zake hasa zilikuwa za mita 1500. Hizo ni mizunguko 3 ya uwanja na robo tatu ya mzunguko, nazo ni mbio za kikatili, maana ni ndefu mno kwa mtu wa kasi tupu, na ni fupi mno kwa mtu wa subira tupu. Mwaka 1995, katika mashindano ya dunia yaliyofanywa Göteborg, Sweden, Niyongabo alikuwa wa 3 katika mbio hizo. Waliomtangulia ni Noureddine Morceli wa Algeria na Hicham El Guerrouj wa Morocco. Kila ajuaye habari za mbio anajua kuwa kushindwa na wawili hao hakukuwa fedheha. Katika mashindano hayohayo Mrundi mwingine, Arthémon Hatungimana, alikuwa wa 2 katika mita 800. Basi nchi yetu ndogo ilikuwa imeanza kujulikana.

Msidhani kuwa mtu huyu alikuwa mpole uwanjani. Mpole hafiki huko. Mtu wa mita 1500 hukimbia katikati ya viwiko na miiba ya viatu vya wenzake; akilegea kidogo hufungiwa ndani ya kundi, na akiwahi mno huishiwa pumzi wakati wengine ndio wanaanza kuvuta. Mtu asiyependa kushinda hawezi kuamka kila asubuhi kwa miaka mingi kwa ajili ya nukta moja au nusu nukta. Niyongabo alipenda kushinda. Baadaye, mwaka 1997, alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 29.18. Wanaokimbia hapa shuleni waupige hesabu muda huo, kisha wanyamaze kidogo.

Sasa yupo mtu wa pili katika habari hii, naye jina lake ni Dieudonné Kwizera. Huyu alimtangulia Niyongabo kwa umri na katika mbio. Alikimbia mita 800 na 1500, na kwa miguu yake alifika hata Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani. Mwaka 1988 michezo ya Olimpiki ilifanywa Seoul, na mwaka 1992 ikafanywa Barcelona. Kwizera alikuwa na mbio za kutosha kwenda, lakini hakwenda mara zote mbili. Miguu yake haikuwa na kosa lolote. Desturi ya michezo ile ni kwamba mkimbiaji haendi kwa jina lake mwenyewe. Lazima aandikishwe na kamati ya Olimpiki ya nchi yake, nayo Burundi ilikuwa haina kamati iliyotambuliwa. Kamati yetu ilitambuliwa mwaka 1993. Fikirini jambo hilo. Mtu amejizoeza, amefikia kiwango, naye anazuiliwa mlangoni kwa sababu ya karatasi ambayo si yeye aliyepaswa kuiandika. Miaka 4 ikapita, akazuiliwa tena. Ujana wa mkimbiaji si kama ujana wa mwalimu au wa mkulima. Ni mfupi, na miaka 8 ndani yake ni karibu yote.

Ikafika mwaka 1996, michezo ikafanywa Atlanta, Marekani. Kwa mara ya kwanza Burundi ilialikwa kama taifa. Niyongabo alikuwa na haki ya kukimbia mita 1500, mbio zake mwenyewe, zile alizojulikana kwazo. Akaiacha. Alimwachia nafasi Kwizera, ili mzee yule wa mbio aliyezuiliwa mara mbili apate kusimama japo mara moja katika uwanja wa Olimpiki akiwa amevaa rangi za nchi yake. Yeye Niyongabo akachukua mita 5000, mbio za mizunguko 12 na nusu, ambazo alikuwa bado mgeni kwazo.

Hapo ndipo ninapowataka msomaji na msemaji wa hoja ile wasimame kidogo. Niyongabo hakuacha kitu kibovu. Mtu akitoa shati lililochanika, huko si kutoa, ni kusafisha sanduku. Aliacha kile alichokijenga kwa miaka mingi, akajitupa katika mbio ambazo Waethiopia, Wakenya na Wamorocco walizijua kama tunavyojua njia ya kisimani. Wazee husema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini mimi naongeza: asiye na kitu mkononi hana cha kuachilia. Ndiyo maana nasema kuachia nafasi si kazi ya mnyonge. Mnyonge hunyang'anywa, mwenye nguvu ndiye awezaye kuacha.

Yatupasa pia tukumbuke hali ya nchi yetu wakati ule. Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na tangu siku hiyo Burundi ilikuwa katika vita vya ndugu kwa ndugu. Michezo ya Atlanta ilifunguliwa tarehe 19 Julai 1996. Kesho yake, tarehe 20 Julai, huko Bugendana, ambako ni jirani na sisi wa Giheta, watu zaidi ya 300 waliokimbilia kambini waliuawa. Tarehe 25 Julai serikali ilipinduliwa na Meja Pierre Buyoya akashika utawala. Tarehe 31 Julai nchi za jirani zilikubaliana kuifungia Burundi biashara. Hivyo ndivyo jina letu lilivyotajwa redioni siku zile: vifo, mapinduzi, vikwazo. Kila mtu alikuwa anashika chake kwa mikono miwili akihofu kunyang'anywa. Wakati huohuo, ng'ambo ya bahari, Mrundi mmoja alikuwa amemwambia Mrundi mwenziwe: chukua nafasi yangu.

Tarehe 3 Agosti 1996 ilikuwa siku ya mbio za mwisho za mita 5000. Mbio zilikwenda mzunguko baada ya mzunguko, wakimbiaji wakitazamana. Niyongabo hakuwa na uzoefu wa wenzake katika masafa yale, lakini alikuwa na kitu ambacho mita 1500 zilimfundisha: kasi ya mwisho. Walipokaribia kumaliza alichomoka. Paul Bitok wa Kenya, ambaye alikwisha kupata nishani ya fedha katika mbio hizohizo mwaka 1992, akamfuata kwa nguvu zake zote. Hakumpata. Niyongabo alimaliza kwa dakika 13 na sekunde 7.96, Bitok kwa dakika 13 na sekunde 8.16, na Khalid Boulami wa Morocco kwa dakika 13 na sekunde 8.37. Mkipiga hesabu mtaona kuwa kati ya wa kwanza na wa pili palikuwa na sehemu mbili tu za kumi za sekunde moja, baada ya kukimbia kilomita 5. Hiyo ndiyo nishani ya kwanza ya Burundi katika Olimpiki, nayo ilikuwa ya dhahabu. Hatukupata nyingine mpaka mwaka 2016, miaka 20 baadaye, Francine Niyonsaba alipopata nishani ya fedha katika mita 800 huko Rio de Janeiro.

Na Kwizera je? Alikimbia mita 1500, naye alitolewa katika mchujo wa kwanza.

Najua wapo watakaocheka hapo. Watasema: "Tazama, nafasi ilipotea bure. Angekimbia Niyongabo angeleta nishani mbili." Hayo ndiyo maneno ya tatu ya msemaji wetu, kwamba apelekwe hodari peke yake. Najibu hivi. Kwanza, hakuna ajuaye kuwa angeleta nishani mbili. Mbio za mwisho za mita 1500 zilikuwa tarehe 3 Agosti hiyohiyo, na ndani yake hata El Guerrouj, aliyekuwa hodari kupita kiasi, alijikwaa akaanguka karibu na mzunguko wa mwisho, akamaliza nyuma ya wote. Mwanadamu mmoja akimbie mbio mbili kubwa, tena za mwisho, katika siku moja, si jambo la kulisema kwa wepesi ukiwa umekaa kwenye kiti. Pili, na hili ndilo kubwa, nafasi haikupotea. Kwizera hakuomba nishani. Alichokosa miaka 8 hakikuwa ushindi, bali ni haki ya kujaribu. Mtu aliyejaribu akashindwa hulala usingizi. Mtu aliyezuiliwa asijaribu huamka usiku na kujiuliza.

Ninajua hayo, si kwa kusoma, bali kwa kutenda kosa. Sasa nieleze ile aibu niliyoitaja.

Mimi nilizaliwa Muyinga, upande wa njia iendayo Kobero na Tanzania, ambako sokoni Kiswahili husikika kila siku, nikaja Giheta kwa ajili ya masomo. Mwaka jana shule yetu ilitakiwa kupeleka mkimbiaji mmoja tu kwa kila mbio katika mashindano ya shule, yaliyofanywa mjini Gitega. Katika majaribio nilikuwa wa kwanza mita 800 na mita 1500. Katika mita 1500 aliyenifuata kwa hatua mbili alikuwa mwanafunzi wa darasa la mwisho, mkubwa kwangu, mtu mtaratibu asiyesema sana. Jina lake silitaji. Mwaka wa kwanza alipochaguliwa alishikwa na malaria siku tatu kabla ya mashindano. Mwaka wa pili majina yalichelewa kupelekwa, na shule nzima haikukimbia. Mwaka jana ulikuwa wake wa mwisho.

Jioni moja alinijia bwenini. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mdogo wangu, wewe una mbio mbili, na miaka miwili mbele yako. Niachie hizi za mita 1500. Sikuombi kwa sababu nimekushinda, maana hukushindwa. Nakuomba tu."

Nami nilimjibu mbele ya wenzangu, kwa sauti ya kutaka kusifiwa, "Kaka, mashindano si sadaka."

Chumba kizima kilicheka. Yeye naye alitabasamu, akaniambia "Haya, nakutakia mafanikio," akaondoka. Ndiyo maana msemaji wetu aliposema maneno hayohayo katika majadiliano, nilishusha macho. Hakuyatunga yeye. Aliyasikia kwangu.

Basi tukaenda Gitega. Nilikimbia mita 800 nikawa wa 5. Baada ya saa moja na kitu nikasimama kwenye mstari wa mita 1500 miguu ikiwa mizito kama iliyotiwa mchanga, nikawa wa 9. Yeye alikuja pamoja nasi kutusaidia kubeba vitu. Nilipomaliza alinipokea akanipa maji, akanifunika koti langu, akaniambia nilikimbia vizuri. Hakukuwa na dhihaka katika sauti yake, ningependa ingekuwapo. Alimaliza masomo yake akaondoka, na katika miaka yake yote hakukimbia hata mara moja kwa ajili ya shule. Sisemi kwamba yeye angeshinda. Labda angekuwa wa 9 kama mimi. Lakini ile ya 9 ingekuwa yake.

Habari za Niyongabo na Kwizera nilizisikia baada ya hayo, kwa mwalimu wetu wa mazoezi, tukiwa tumekaa majanini baada ya kukimbia. Wenzangu walifurahia ile dhahabu. Mimi nilibaki na lile jambo lingine.

Sasa nirudi kwenye maneno ya pili ya msemaji wetu, kwamba mwenye huruma hashindi. Mmeona kuwa si kweli. Lakini sitaki kwenda upande wa pili nikasema: "Toa nafasi yako, nawe utalipwa dhahabu." Hayo ni mafundisho ya kitoto. Niyongabo angeweza kushindwa. Zile sehemu mbili za kumi za sekunde zingeweza kuwa za Bitok. Angekuwa wa pili, au wa nane, je, tendo lake lingekuwa baya? Mimi nasema hapana. Tendo lilikuwa jema tangu siku alipoliamua, kabla bunduki ya kuanzia haijalia, na dhahabu haikuliongezea wema. Iliwafanya watu walisikie tu. Ubora wa mshindani hauko katika kuwakataza wengine wasisimame kwenye mstari. Uko katika kukimbia kwa nguvu zote na yeyote aliyesimama hapo. Anayetaka kushinda kwa kupunguza idadi ya washindani hapendi mashindano, anapenda zawadi.

Tena tutazame mwisho wa kazi yake, maana mwisho hufundisha kuliko mwanzo. Baada ya Atlanta alikuwa na miaka michache mizuri, kisha majeraha yakamwandama. Mwaka 2000 alikwenda Sydney kwenye Olimpiki, naye hakuvuka mchujo. Yule aliyekuwa wa kwanza duniani miaka 4 nyuma alirudi kama alivyorudi Kwizera. Hata ule uwanja wa Atlanta haukubaki vile: mwaka 1997 uligeuzwa kuwa uwanja wa beziboli wa timu ya Atlanta Braves, na pale alipokimbilia, watu wengine wakatupa na kupiga mpira kwa miaka 20. Mbio hupita, uwanja hugeuzwa, muda huvunjwa na vijana wapya. Mwili wa mshindani ni mali ya kuazima, na mwenyewe huja kuitaka mapema. Kisichogeuka ni kile alichomfanyia mwenzake alipokuwa bado na nguvu za kukataa.

Wala tusiseme kuwa hayo ni ya watu wakubwa wa Ulaya na Marekani. Sisi wa Giheta tunayo shule ya jambo hili karibu, kwenye kilima cha Gishora, penye ngoma za kifalme zilizojulikana tangu zamani za mfalme Mwezi Gisabo. Ngoma za Burundi ziliandikwa na UNESCO mwaka 2014 katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Nendeni mkatazame kwa macho ya kushindana. Ngoma nyingine hupangwa nusu duara, na ngoma moja, inkiranya, hukaa katikati. Ye yote aingiaye katikati hutaka kuruka juu kuliko mwenzake, hutaka kupiga kwa madoido zaidi, hutaka watazamaji wamsahau aliyemtangulia. Mashindano hayo ni makali. Lakini akisha kuonyesha ustadi wake, hutoka, akarudi mstarini, akampigia mwenziwe aingiaye. Hajawahi kuwapo hodari wa Gishora aliyeshika inkiranya mpaka jua likazama, akasema, "Mimi ndimi bora, kwa hiyo ninyi wengine msiingie." Akifanya hivyo, ngoma itakuwa imekwisha, itabaki kelele ya mtu mmoja.

Kwa hiyo, Bwana Mhariri, nina mambo mawili ya kupendekeza, ili maneno yangu yasiwe hewa.

La kwanza, naiomba kamati ya michezo ya shule yetu iweke desturi hii: mwanafunzi aliyepata nafasi katika mbio mbili au zaidi aulizwe, kwa hiari yake na bila kulazimishwa, kama yuko tayari kuacha moja kwa ajili ya mwenzake aliyefikia kiwango, na ambaye huko nyuma alizuiliwa kwa sababu isiyo kosa lake, kama ugonjwa, karo, au karatasi iliyochelewa. Nasisitiza maneno mawili. Aliyefikia kiwango, maana Kwizera hakuwa mtazamaji aliyeokotwa jukwaani; alikuwa mkimbiaji. Na kwa hiari, maana nafasi iliyotolewa kwa amri si zawadi bali ni kodi.

La pili linanihusu mimi mwenyewe. Mwaka huu tena nimepata mbio mbili. Mita 1500 ndizo ninazozipenda, ndizo nilizojizoeza mwaka mzima, na walimu wanasema ningeweza kufika mbali. Yuko kijana mmoja wa darasa la chini yangu ambaye mwaka jana hakukimbia kwa sababu alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na muhula huu ukiisha atahamia kwa mjomba wake, mbali na shule yetu. Katika majaribio alikuwa wa pili. Juzi nilikwenda kwa mwalimu wa mazoezi nikamwambia afute jina langu katika mita 1500 aandike la kijana huyo. Nitakimbia mita 800, ambamo kuna watu wawili wa shule nyingine wanaonishinda kila siku. Sitazamii dhahabu. Nilipotoka ofisini moyo uliniuma, wala sitaficha. Nilitembea mpaka barabarani nikarudi, nikifikiri nigeuke nikalirudishe jina langu. Sikugeuka.

Nafasi ile niliyopaswa kuitoa haikuwa ya kijana huyu. Ilikuwa ya yule aliyekaa kwenye ukingo wa kitanda changu mwaka jana, naye hayupo tena hapa. Deni lake siwezi kumlipa yeye, kwa hiyo nalilipa kwa mwingine. Kama gazeti hili litamfikia huko aliko, namwomba alisome mpaka hapa, ajue kuwa yale maneno niliyomwambia jioni ile nimeyafuta.

Ndugu zangu mliopiga kura siku ya majadiliano, siwaambii mpende kushindwa. Jizoezeni, amkeni mapema, mshindane mpaka pumzi ziwaishe. Lakini mkiulizwa mara nyingine kama mshindani wa kweli huweza kumwachia mwenzake nafasi, kumbukeni kuwa dhahabu ya kwanza ya nchi yetu ililetwa na mtu aliyefanya hivyo.

Mimi ni mwenzenu katika mbio na katika masomo,

Mwanafunzi wa Muyinga, akaaye Giheta